Nilidhani Ana Mwanamke, Kumbe Ana Chama!

Mimi ni mhasibu. Kazi yangu kutwa nzima ni kusoma taarifa za benki za watu wengine na kutafuta pale ambapo hesabu hazikai sawa. Kwa hiyo siku niliposoma taarifa ya benki ya nyumbani kwangu na kukuta hesabu haikai sawa, unaweza kupata picha moyo wangu ulivyokwenda mbio.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumbani kwetu Tabata. Junior anaangalia katuni, baba yake bado amelala kwa sababu alirudi saa kumi alfajiri akitokea kwenye harusi. Msielewe vibaya, hakwenda kula pilau. Mume wangu ni fundi mitambo. Ukiwa ukumbini ukamsikia MC vizuri, ukacheza muziki ambao hauumizi kichwa, ujue kuna mtu kakaa nyuma ya meza yenye vitufe mia, hajala, na hakuna anayemkumbuka mpaka maiki ianze kupiga mluzi. Mtu huyo ndiye baba wa mtoto wangu.

Tuna akaunti ya pamoja ya kujenga msingi wa nyumba yetu Goba. Tulikubaliana hela ya pale haiguswi bila wawili kujua. Sasa nashuka na kalamu yangu, mstari kwa mstari, nakuta dola mia na kidogo zimekatwa kwa kadi na kwenda Marekani. Kwa nani? Herufi tatu tu: AES. Nikafungua taarifa ya mwaka uliopita. Mwezi ule ule, dola zile zile, herufi zile zile.

Nikampigia shoga yangu. Nilikuwa natetemeka. Nikamwambia, "Shoga, mwenzio naibiwa, tena kwa dola." Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanamke gani huyo wa Marekani analipwa mara moja tu kwa mwaka? Mbona bei poa?" Nikacheka huku machozi yananitoka. Lakini sikupoa.

Alipoamka nikamwekea chai, nikamwekea na karatasi pembeni ya kikombe.

"Baba Junior, AES ni nani?"

Akaangalia karatasi. Akaniangalia mimi. "Ni chama, mama."

"Chama? Cha siasa?"

"Cha mafundi sauti."

"Kama kikoba?"

"Hapana. Hakikopeshi."

"Mnagawana mwisho wa mwaka?"

"Hatugawani."

"Sasa mnafanya nini?"

Akafikiri kidogo, akasema, "Tunasoma."

Kusema ukweli, hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na hasira, nimetoka kuogopa, na nikatoa neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka najisikia vibaya. Nilimwambia, "Watu wenye taaluma ndio wenye vyama. Wewe kazi yako ni kuvuta nyaya." Hakujibu. Alimaliza chai yake, akaenda kuosha gari. Gari lilikuwa safi.

Siri aliyokuwa ameificha

Usiku, Junior alipolala, alikuja kukaa karibu yangu. Akaniambia jambo ambalo alikuwa amelibeba peke yake kwa karibu miaka mitatu.

Wenzangu tusio mafundi, tuelewane kwanza. Plagi zetu zina miguu mitatu. Ule mrefu wa juu ni wa ethi. Ndani unaungwa na waya wa kijani na njano. Kazi yake ni ulinzi. Ikitokea hitilafu, umeme ukagusa bodi ya chuma ya mashine, waya ule unaupa njia ya kwenda ardhini na fyuzi au swichi inakata. Kama waya haupo, umeme unabaki kwenye ile bodi unasubiri mtu. Na umeme wetu ni volti 230, hauna utani.

Sasa kwenye kumbi kuna ugonjwa mmoja sugu. Unafunga vyombo, unawasha, spika zinaanza kunguruma: mmmmm. Mara nyingi ni kwa sababu mikisa iko nyuma ya ukumbi imechomekwa soketi moja, amplifaya ziko jukwaani zimechomekwa soketi nyingine, na waya wa sauti unaziunganisha. Hapo ethi zinakutana kwa njia mbili, linatengenezeka duara, na duara hilo linaokota mngurumo wa umeme. Mafundi wengi wa mtaani wana dawa moja. Wanachukua koleo, wanafungua plagi, wanakata waya wa ethi. Mngurumo unakufa papo hapo. Mwenye sherehe anafurahi, fundi anaitwa mkali.

Mume wangu naye alifundishwa hivyo hivyo na fundi aliyemlea, ambaye naye alifundishwa hivyo hivyo.

Usiku mmoja kwenye harusi, mpiga gitaa la besi alisogea kwenye maiki ili aitikie. Mkono uko kwenye nyuzi, mdomo ukagusa maiki. Akarushwa. Alianguka chali mbele ya keki. Mume wangu alikimbia akazima swichi kuu, ukumbi mzima ukawa giza, watu wanapiga kelele. Yule kijana alizinduka, akapelekwa hospitali, kesho yake akaruhusiwa. Watu walisema ni hitilafu ya umeme ya kawaida. Ni mume wangu peke yake aliyejua kuwa amplifaya ya gitaa lile ilikuwa na plagi yenye waya uliokatwa, na kwamba mkono uliokata ni wake.

"Nilikuja nyumbani nikakuta umelala na Junior," aliniambia. "Nikakaa sebuleni mpaka asubuhi. Nikawa najiuliza, kumbe siijui kazi yangu?"

Sikuwa na la kusema. Mimi nilikuwa nimemtafutia mwanamke.

Chama chenyewe ni kipi?

Alianza kusoma usiku kwenye simu. Ndipo alipokutana na habari ya Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows kutoka Scotland, aliyefariki jukwaani mjini Swansea, Wales, mwaka 1972, alipogusa maiki ambayo haikuwa imeungwa vizuri na ethi huku ameshika gitaa lake. Alikuwa na miaka 27. Mume wangu alisema alivyosoma hivyo alifunga simu, akashindwa kuendelea kwa siku kadhaa. Tofauti ya yule na kijana wa besi ilikuwa bahati tu.

Aliporudi kusoma, kila njia ilimpeleka mahali pamoja: Audio Engineering Society, ndiyo hiyo AES. Ni chama cha kimataifa cha wahandisi wa sauti kilichoanzishwa Marekani mwaka 1948. Kina jarida lake la kitaalamu tangu mwaka 1953, kina maktaba kwenye mtandao yenye maelfu ya makala, kinafanya mikutano, na kinaandika viwango. Viwango ni zile kanuni ambazo watengenezaji na mafundi wa dunia nzima wanakubaliana. Kwa mfano, ni chama hiki kilichoandika kuwa kwenye plagi ya maiki yenye pini tatu, pini ya pili ndiyo "moto". Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na lake. Ile njia ya kupitisha sauti ya kidijitali kati ya mashine na mashine inayotumika kwenye vituo vya redio, AES3, ni kazi yao ya mwaka 1985.

Na ule mngurumo? Nao umeandikiwa. Mwaka 1995 mhandisi aitwaye Neil Muncy alieleza kwenye jarida lao kuwa tatizo mara nyingi liko ndani ya vifaa vyenyewe. Ule wavu wa nyaya unaozunguka waya wa sauti unapaswa kuungwa kwenye bodi ya chuma ya mashine pale pale unapoingia. Viwanda vingi vilikuwa vinauingiza ndani kwenye saketi, na kelele inaingia nao. Mwaka 2005 chama kikatoa kiwango kinachozungumzia jambo hilo, AES48. Kwa lugha nyepesi, mngurumo una dawa, na dawa yenyewe haihitaji koleo wala kukata ethi.

Mume wangu alijiunga ili asome hayo. Alimwandikia mwanachama mmoja, mzee aliyefanya kazi hiyo miaka mingi huko ng'ambo, akamweleza kila kitu, mpaka waya aliokata. Yule mzee hakumcheka. Alimjibu kwa kirefu, akamchorea na mchoro, na mwisho akamwandikia kwamba hata yeye alipokuwa kijana alikata.

"Mama Junior," mume wangu akaniambia, "hapa mjini ningemwambia nani? Ningemwambia fundi mwenzangu, kesho angenichukulia kazi."

Nikajiangalia kwenye kioo

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi nina CPA. Nimesajiliwa na NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Kila mwaka nalipa ada, nakwenda semina, naambiwa sheria gani imebadilika. Je, mume wangu amewahi kuniuliza hela hiyo inakwenda wapi? Hata siku moja. Tena hunipeleka semina na gari na kuniuliza kama nimebeba maji.

Kuna jambo jingine ambalo wahasibu wenzangu watalielewa. Bosi akikuambia "rekebisha kidogo hizi namba," unajibu nini? Ukiwa peke yako ni wewe na njaa yako. Ukiwa na bodi nyuma yako unasema, "Bosi, siwezi, nitafutiwa usajili." Bodi inakupa neno "hapana" na ukuta wa kuliegemea. Daktari ana ukuta huo, mhandisi wa majengo anao. Fundi mitambo ana nini? Ana mwenye sherehe anayepiga kelele, na fundi mwingine nje anayesubiri nafasi yake.

Nikamwamsha. Nikamwambia, "Nisamehe. Lakini hela ya msingi huigusi tena bila kuniambia." Akasema sawa kwa yote mawili. Tukaiingiza ada ya chama kwenye bajeti ya nyumba, mstari wake peke yake, kama ada yangu.

Siku ya mjomba

Mtihani ulikuja miezi michache baadaye, tena kwenye ukoo wangu mwenyewe. Binamu yangu alikuwa na sendofu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mjomba wangu, mtu ambaye akikohoa ukoo mzima unakaa kimya. Kazi ya mitambo alipewa mume wangu, kwa bei ya kifamilia, mnajua wenyewe.

Saa mbili kasoro robo usiku. Wageni wameshakaa. Bibi harusi mtarajiwa yuko nje kwenye gari. Spika: mmmmm.

Fundi wa ukumbi akaja na koleo mkononi. "Bosi, tukate tu, dakika moja."

Mume wangu akasema, "Usikate."

Mjomba akaja. "Mkwe wangu, tatizo nini?"

"Shikamoo mjomba. Naomba dakika ishirini."

"Dakika ishirini? Huyu kijana anasema dakika moja!"

"Ni kweli, mjomba, inawezekana kwa dakika moja. Lakini mwenye maiki anaweza akapigwa na umeme. Mimi kwa kazi yangu siruhusiwi kufanya hivyo."

Siruhusiwi! Nilisimama pale na vitenge vyangu nikasikia neno hilo, na nikajua limetoka wapi. Mjomba akanigeukia mimi. "Mwambie mumeo watu wanasubiri." Ukumbi mzima, shangazi zangu, mama yangu, wote macho kwangu.

Magoti yalikuwa yananitetemeka lakini nikasema, "Mjomba, naomba tumsubiri. Maiki ya kwanza atashika bibi harusi."

Mjomba akanyamaza. Aliondoka bila kujibu, na najua hakufurahi. Mume wangu akavuta waya mrefu wa umeme kutoka jukwaani mpaka kwenye mikisa ili vyombo vyote vile umeme wa sehemu moja. Mngurumo ukapungua nusu. Akatoa kwenye begi lake kiboksi kidogo chenye transfoma ndani, kinachopitisha sauti bila kuziunganisha zile ethi mbili, akakichomeka kwenye waya wa sauti. Kimya. Kimya mpaka ukawa unasikia feni za dari. Alitumia dakika kumi na saba. Nilikuwa naangalia saa.

Siwezi kukudanganya kwamba mjomba alimkumbatia. Alilipa salio akiwa amekunja uso. Ila baba mmoja kati ya wageni, anayesimamia ukumbi wa mikutano wa ofisi yake, alikuwa amekaa karibu akasikia kila kitu. Alichukua namba. Wiki tatu baadaye mume wangu alikwenda kukagua nyaya za ukumbi ule, na leo ana mkataba wa matengenezo pale. Ndiyo kazi yake ya kwanza ya kulipwa kila mwezi, ya mchana, na yenye karatasi. Yule baba alimwambia, "Nimekupa kwa sababu ulikataa."

Masikio ya baba wa nyumba

Kuna faida nyingine ambayo haimo kwenye mkataba wowote. Kabla ya hapo nilikuwa namwita mume wangu mara tatu ndipo aitike. Nilidhani ni dharau. Tuligombana sana kwa sababu hiyo. Kumbe kila akitoka kazini masikio yake yalikuwa yanalia mpaka kesho yake.

Kupitia mafunzo aliyofuatilia, akajua hesabu ambayo mimi kama mhasibu niliipenda mara moja. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Ukifika 100 ni dakika 15 tu. Na harusi zetu mnazijua! Sasa ana vizibo vya masikio vya kazi na kipima sauti mezani. Masikio yaliyoharibika hayarudi, lakini yaliyobaki anayalinda. Na mimi nikimwita asipoitika, namgusa bega. Ugomvi umepungua.

Kabla hujalipa ada

Najua kuna msomaji ameshaanza kutafuta kadi ya benki. Subiri kwanza. Chama cha aina hii hakikupi kazi. Kadi yake si leseni kama usajili wangu wa NBAA, na mwenye ukumbi wa Sinza hajali herufi hizo tatu. Ukilipa ukakaa, umechangia tu uchumi wa Marekani. Mume wangu alilipa, akasoma, akauliza maswali yake ya aibu, akayatumia majibu kazini. Hapo ndipo dola zikarudi. Kama bado ni mwanafunzi, kuna uanachama wa wanafunzi wa ada ndogo, anzia hapo. Na kama umeoa au umeolewa, mwambie mwenzio kabla hajaiona kwenye taarifa ya benki. Tafadhali.

Na ninyi wenzangu ambao waume au wake zenu wana kazi msiyoielewa, ulizeni kabla ya kudharau. Mimi neno langu la "kuvuta nyaya" nalilipia mpaka leo.

Nalilipiaje? Baada ya ile sendofu, yule fundi wa ukumbi aliyekuja na koleo alimpigia simu mume wangu akamwomba amfundishe. Akaja na mwenzake. Mwenzake akaja na wengine wawili. Sasa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi sebule yangu ina mafundi tisa, plagi zimefunguliwa mezani, wanabishana kuhusu ethi huku wanakula maandazi yangu. Wameanza kuchanga kidogo kidogo kununua kipimo cha umeme cha pamoja. Mwezi uliopita walikuwa wanatafuta mweka hazina. Wakaniangalia.

Daftari ninalo mimi. Hesabu zinakaa sawa.